Moyo: Sauti za Kawaida

Ilikuwa Jumanne ya kawaida mwezi wa saba, na kijiji kizima kilinuka salfa. Kila mwaka ni hivyo hivyo kwetu, huku kati ya Ruangwa na Nachingwea. Asubuhi mabomba ya kupulizia yananguruma mikoroshoni, vumbi la njano linatua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndevu za wazee, na ikifika saa nne zahanati imejaa watu wanaokohoa. Siku hiyo nilimpeleka dada yangu Mwanne. Yeye hakuwa anakohoa. Alikuwa anaishiwa pumzi.

Daktari wetu aliitwa Titus. Alikuwa tabibu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, naye alituona kama adhabu aliyopewa. Kipimo cha kusikilizia moyo alikitundika shingoni tangu anapoamka. Alikwenda nacho dukani, alikula nacho wali, alicheza nacho karata. Mahali pekee ambapo kipimo kile hakikuwahi kufika ni masikioni mwake.

"Umepulizia korosho?" alimuuliza dada, macho kwenye simu.

"Napeta ufuta, daktari. Sijafika mikoroshoni wiki hii."

"Jirani yako je?"

"Yeye amepulizia."

"Basi. Kifua cha salfa."

Akakigusisha kile kidude cha mviringo juu ya kanga, tena kanga mbili, huku ncha za masikioni zikining'inia shingoni kwake kama mkufu. Kisha akaanza kuandika.

Nikasema, "Daktari, moyo wake una sauti ya tatu."

Nilikuwa naijua. Mwanne ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na sikio langu lilikua likiwa limelala juu ya moyo wake. Mioyo mingine husema dup-tap, dup-tap. Wa kwake, tangu alipougua koo na kuvimba viungo akiwa darasa la tatu, ulisema dup-shaa-tap. Katikati palikuwa na kitu kama ungo unaopeta. Nadhani ushairi wangu wote ulianzia hapo.

Titus akacheka. "Mwalimu, si wewe unayetunga mashairi? Moyo hauna vina. Kafundishe watoto."

Watu wa kwenye benchi wakacheka pia, hata waliokuwa wanakohoa. Na mimi, mwenye diploma yangu, mwenye kuhesabu mizani kwa vidole, nikanyamaza. Kwenye kadi aliandika: *Kifua cha salfa. Moyo: sauti za kawaida.* Akagonga mhuri.

Nje, muuguzi Marselina alitufuata hadi kwenye tangi la maji.

"Hakusikiliza," alinong'ona. "Moyo una milango. Dup ni milango ya kwanza kufunga, tap ni ya pili. Kati yake panatakiwa pawe kimya. Ukisikia mvumo, mlango haufungi vizuri, damu inarudi. Mpelekeni hospitali ya Nachingwea leo."

"Tumalize ufuta kwanza, sista," dada alisema. "Daktari kasema ni salfa."

Nilitazama mhuri. Nikaona mhuri una akili kuliko sikio langu. Titus namdharau, lakini wa kwanza kumdharau ni mimi mwenyewe.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, Mwanne alikufa akiwa ameshika ungo. Ufuta ulimwagika uani. Mama aliuzoa peke yake, punje kwa punje, wala hakumruhusu mtu amsaidie.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Marselina, na sehemu ya mwisho niliiona mwenyewe.

Wiki tatu baada ya maziko, wakaguzi walikuja zahanati. Ndipo Titus, kwa kujionyesha, akazitia ncha zile masikioni kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa Mzee Mudrik, aliyekuja na kidonda cha mguu. Titus alisikiliza. Akazichomoa, akazitazama, akazirudisha. Wakaguzi walipoondoka alimchukua mtoto mchanga wa mama mmoja, akamsikiliza. Kisha kijana wa bodaboda. Kisha Marselina.

"Wote mna mvumo," alisema.

Marselina alichukua kipimo chake mwenyewe, akawapima wale wale. Dup-tap. Dup-tap. Wazima kabisa.

"Na kuna jambo jingine," Titus alinong'ona. "Moyo wa mtoto unakwenda mbio. Wa mzee unakwenda taratibu. Mimi nasikia mwendo mmoja."

Aliweka kipimo juu ya meza. Akasikia. Juu ya godoro. Akasikia. Juu ya ukuta. Ukuta wa upande wa nyumba yetu, Marselina anasema, ndio uliomfanya akae chini.

Watu walisema familia yetu imemroga. Walitupa heshima tusiyostahili. Hatukwenda kwa mganga yeyote. Wengine wakamhurumia Titus, wakasema maskini, amekonda. Mimi sikumhurumia. Mtu aliyelipwa miaka minne ili asikilize, hatimaye alikuwa anasikiliza.

Alikuja kwetu mchana wa Ijumaa, jua likiwa utosini. Mama alikuwa uani anapeta ufuta ule ule uliozolewa. Titus alisimama mbali kidogo, kipimo mkononi, akikishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka.

"Mwalimu Rahimu," alisema. Hakuwahi kunitaja jina kabla ya hapo. "Ile sauti uliyoniambia. Irudie."

"Moyo hauna vina, daktari."

"Nakuomba."

Nikagonga kinu kwa ngumi. Dup. Mama akarusha ufuta ungoni. Shaa. Nikagonga kwa kiganja. Tap. Hatukuwa tumepanga. Dup, shaa, tap. Dup, shaa, tap. Uso wa Titus ukawa rangi ya majivu.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Nikaacha kugonga.

Mama akaweka ungo chini. Akaikunjua mikono yake, mitupu, akamwonyesha.

Shaa.

Kuku walitulia.

Dup. Shaa. Tap.

Ilitoka uani. Ilitoka pale ufuta ulipomwagika. Sikuhitaji kipimo. Titus hakuhitaji. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza mtoto wake akipumua usingizini.

"Mwambie nimesikia," Titus alisema kwa sauti ndogo.

"Mwambie mwenyewe," mama alijibu. "Ulimwita salfa."

Alifungua mdomo. Nikagundua kwamba hakuwa analijua jina la dada yangu. Alikuwa ameliandika kwenye kadi, akaligongea mhuri, na hakulijua. Alisimama hivyo hivyo, mdomo wazi, mpaka sauti ilipokoma yenyewe. Kisha akakiangusha kipimo mchangani, akaondoka. Jumatatu hakuonekana kazini. Nasikia yuko mjini, anauza vifaa vya simu, na hakai chumba chenye ukimya.

Kipimo alikichukua Marselina. Alikisafisha kwa spiriti, akakifungia kabatini, na ufunguo anao yeye.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja kwetu na bahasha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi, njia yote tope. Alisema alifungua kabati kutafuta bandeji, akakuta kipimo kimelala juu ya rafu, na kwenye kila ncha ya masikioni pametoka kilundo kidogo cha punje. Akakitikisa. Zikatoka nyingine.

Mama alimimina bahasha kiganjani. Ufuta. Umepetwa vizuri, hauna hata kapi moja.

Akanipa nishike. Mvua ilikuwa inapiga bati, na ufuta ulikuwa wa moto, kama ulioanuliwa juani sasa hivi.