Sanduku la Barua la Migdalia

Simu ya Efraín ilitetema mezani, kando ya sufuria ya wali wa mbaazi, na macho ya Nereida yakaidaka kabla hajayakataza.

"Leo hakuna. Njoo Ijumaa, nitakuwa peke yangu."

Jina juu ya ujumbe: Migdalia.

Bafuni maji yalikuwa yanamwagika, Efraín anaimba kwa ile sauti yake ya ndama. Nereida akafuta mkono kwenye aproni, akasukuma ujumbe kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayefunua chungu cha jirani. "Leo hakuna." Kabla ya huo: "Hakuna, pole." Kabla yake tena: "Usije leo, mama yupo."

Migdalia ndiye aliyekuwa mke wa Efraín kabla yake. Aliishi ng'ambo ya mfereji, katika nyumba ya mama yake, ile yenye kibaraza cha kijani na sanduku la barua lenye picha ya jogoo. Na Efraín aliapa, siku alipohamia na Nereida, kwamba kibaraza kile hatakikanyaga tena.

Akatoka bafuni, taulo kiunoni, ananukia sabuni.

"Nani kapiga?"

"Hakuna aliyepiga. Ijumaa una kazi?"

"Ijumaa? Eh, boila la kupasha maji kwa rafiki yangu Chago limekufa tena. Nitachelewa kidogo."

"Boila gani hilo linakufa kila wiki na halizikwi?"

"La zamani, mama. Haya ya zamani huwa hayafi kabisa."

Nereida akaugeuza wali kwa nguvu mpaka sufuria ikalia. Siku zote ule ukoko wa chini, mwekundu, uliokauka vizuri na mafuta ya binzari, ulikuwa wa Efraín. Jioni ile aliukwangua wote, akautafuna mbele yake, kipande kwa kipande, akimtazama.

"Na mimi?" Efraín akauliza.

"Leo hakuna," akajibiwa.

Efraín akapaliwa na maji.

Baada ya kula alifanya kama kawaida yake. Akavaa miwani, akafungua simu, akaingia kwenye tovuti ya ofisi ya nyumba. Watu wao wote pale mjini Holyoke wanauita msaada ule Nane: serikali inalipa sehemu kubwa ya kodi ya nyumba, wewe unaongezea. Foleni yake inazeesha watu. Efraín aliomba kabla hajamjua Nereida, na tangu wakutane wamehama nyumba mara tatu huku wakingoja. Sasa jengo lao la matofali lilikuwa limeuzwa, na mwenye jengo mpya aliwataka wote wawe wameondoka Mei ikiisha. Nane isipofika, Nereida atalala sebuleni kwa dada yake na Efraín kwenye godoro la binamu yake.

"Inasemaje?"

"Inasema unasubiri."

"Tunasubiri," Nereida akamsahihisha.

"Eh. Tunasubiri."

Kila mchana, akitoka kufua mashuka ya wazee kule alikofanya kazi, Nereida alishuka na kifunguo kidogo akafungua sanduku lao la barua. Akikuta matangazo ya pizza anamtukana tarishi kimoyomoyo. Barua ya Nane, kila mtu alijua, huja mara moja. Usipoijibu, jina lako linafutwa.

Alhamisi akampigia shoga yake, Zoraida.

"Shoga, anaoga siku hizi hata kabla ya kazi."

"Mwanaume akioga kabla ya kwenda kutengeneza boila," Zoraida akasema, "hilo si boila."

"Usinitie moto."

"Moto unao mwenyewe, mimi napuliza tu. Ijumaa vaa viatu vya kukimbilia."

Akavivaa. Ijumaa hiyo alisimama nyuma ya mlango wa kioo wa duka la kufulia nguo, mkabala na kibaraza cha kijani, akijifanya anasoma bei za sabuni. Gari la kituo cha wazee likaja, likamchukua mama mtu, Bi Provi, kwenda kucheza domino. Halijamaliza kukata kona, Efraín akatokea, nywele zimechanwa. Migdalia akafungua mlango, rolo za nywele kichwani, nguo ya nyumbani yenye maua. Akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha. Efraín akaichana, akasoma, midomo inacheza. Kisha akamkumbatia Migdalia, akamwinua, akamzungusha kibarazani mpaka rolo moja ikadondoka na kubingirika ngazini.

Nereida hakukumbuka alivukaje barabara.

"Mzungushe tena! Mbona umemshusha mapema?"

"Nere! Mama, sikiliza kwanza..."

"Boila la Chago siku hizi linavaa rolo?"

"Boila mimi?" Migdalia akashika kiuno.

"Wewe, ndiyo! Tena bovu."

"Bovu, lakini lilikuwa linapasha, dada. Muulize."

"Migda, nyamaza, Mungu wangu," Efraín akasema, anafuta jasho.

"Asinyamaze! Aseme!" Nereida akaipokonya ile bahasha na karatasi yake. "Barua za mapenzi, utu uzima huu! Unazitunza kifuani zipate joto, siyo?"

"Nere, nipe hiyo. Nipe taratibu."

Laiti asingesema taratibu. Neno lile lilimwingia Nereida kama kucha. Akashuka ngazi mbio, akavuka njia hadi kwenye ukingo wa mfereji, akarusha kila kitu majini.

"Nere!" Efraín alipiga kelele ambayo Nereida hakuwahi kuisikia kwake. "Hiyo ni Nane!"

Karatasi ilikaa juu ya maji kidogo, ikajigeuza, muhuri wa bluu ukaonekana wazi. Bata wawili wakaikaribia, wakaiona haina maana, wakaiacha. Mwezi wa Aprili maji ya mfereji yana haraka. Yakaipitisha chini ya daraja na habari ikaisha.

Walisimama watatu wakitazama pale ilipopotelea.

"Nane yetu inafanya nini kifuani kwa mwanamke huyu?" Nereida akauliza.

"Nilipoomba nilikuwa naishi hapa," Efraín akasema. "Anwani ni hii. Barua zote zinakuja hapa."

"Na nilipokuwa nafungua sanduku letu kila siku?"

"Nilikuwa nakutazama."

"Ulikuwa unanitazama!"

"Nikuambie nini, Nere? Uliniapisha nisikanyage hapa. Na anwani ningeibadilisha vipi? Chago alibadilisha yake, wakamtoa. Kila mtu anajua: ukigusa faili lako, unarudi mwisho wa foleni."

"Hii ilikuja wiki nyingi zilizopita," Migdalia akasema, sasa kwa upole. "Mama akiona barua yenye muhuri anaiweka chini ya mtakatifu wake, ibarikiwe. Halafu anasahau. Jana nafuta vumbi, nainua sanamu, naikuta. Ndiyo maana niliificha, asije akairudisha kule. Na namwita huyu Ijumaa, aje apekue barua za wiki mwenyewe, kwa sababu siku nyingine mama akimwona hamwachi. Bado anamwita mkwe. Kahawa, picha za harusi, machozi. Nani ana nguvu hizo?"

"Ilikuwa inasema twende lini?"

Efraín akatikisa kichwa. "Nilisoma mstari wa kwanza tu. Jina langu limefika."

Jina langu. Nereida akalisikia vizuri lile neno. Akageuka polepole.

"Jina lako. Na langu?"

Efraín akatazama viatu vyake.

"Efraín. Niliposema tunasubiri, tulikuwa tunasubiri wangapi?"

"Ningekuongeza ningekuwa nimegusa faili..."

Basi. Hapo ndipo wivu ulipogeuka kitu kingine, kizito zaidi. Mwanamke mwingine unaweza kumtukana, ukapumua. Lakini nyumba ambayo umeiota miaka yote, ukachagua hadi rangi ya mapazia, kumbe humo hukuwekewa hata kiti? Nereida hakupiga kelele. Alirudi, akaiokota ile rolo ngazini, akampa Migdalia mkononi, akaondoka.

Ofisi hufungwa Ijumaa mchana. Efraín hakurudi nyumbani jioni ile, wala Jumamosi. Nereida alipika wali, hakuula. Akawaza kibaraza cha kijani, akawaza kahawa ya Bi Provi, akawaza kitanda, akaliondoa wazo la kitanda, likarudi. Jumapili, baada ya misa, simu yake ikaingiza ujumbe kutoka namba asiyoijua.

"Hayupo kwangu, kama ndilo unalowaza. Yupo kwa binamu yake, na godoro limemuua mgongo. Mama anauliza kama umekula. Migdalia."

Nereida akaandika: "Nani kakupa namba yangu?" Akafuta. Akaandika: "Mwambie nimekula." Akatuma, ingawa hakuwa amekula.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya mlango kufunguliwa, na vyeti vyake vyote ndani ya mfuko wa mkate. Efraín alikuwa tayari kwenye benchi, shati lilelile la Ijumaa.

"Umekuja," akasema.

"Nimetupa mimi. Lazima nije."

"Mgongo wangu..."

"Sijauliza mgongo wako."

Waliitwa dirishani. Mhudumu alikuwa mama mmoja wa miwani ya kamba, aitwaye Bi Halina. Efraín akaeleza kwamba barua ilipotea majini.

"Ilianguka?"

"Ilirushwa," Nereida akasema.

Bi Halina akamtazama, akamtazama Efraín, akaelewa asichoambiwa. Akabonyeza mashine, karatasi nyingine ikatoka.

"Barua si tatizo. Tatizo ni muda. Mwisho wa kuijibu ni leo mchana. Kesho ningekuwa nimeshalifuta jina." Akaweka kidole kwenye skrini. "Haya. Watu katika kaya: mmoja. Ni sawa?"

Nereida akatazama ukutani, kwenye picha ya familia inayocheka mbele ya nyumba nyeupe. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie ni sawa. Chukua kwanza. Mimi nitakwenda kwa dada."

Efraín akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Si sawa," akasema. "Ongeza mtu. Hata kama tutarudi mwisho wa foleni. Ongeza."

"Efraín, una wazimu? Na Mei ikiisha?"

"Iishe. Kuingia peke yangu siingii."

"Mwisho wa foleni?" Bi Halina akavua miwani. "Nani kawaambia hivyo?"

"Chago."

"Huyo Chago simjui. Lakini hapa kwangu watu wanatolewa kwa kutojibu barua. Mtu anaongezwa, anakaguliwa kama wewe, nafasi yako inabaki palepale. Anwani nayo inabadilishwa, tangu zamani."

Efraín akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Miaka yote ile ya kunyemelea kibaraza! Nereida akataka kumcheka, akataka kumpiga, akaishia kumrekebisha kola.

"Jina?" Bi Halina akauliza. Nereida akalitaja, akalirudia herufi kwa herufi, akasimama pembeni mpaka akaliona limekaa kwenye skrini.

"Ni nani wako, bwana?"

"Mke wangu."

"Mna cheti?"

"Bado."

"Basi mke siwezi kuandika. Ninaandika mwenzi."

"Ngoja," Efraín akasema. Akageuka. "Nere, twende ukumbi wa mji wakatufungishe ndoa, ni hapo juu tu. Unanitaka?"

"Baada ya kumzungusha yule mwanamke mbele ya mji mzima?"

"Nitakuzungusha na wewe."

"Kwa mgongo huo?"

"Nizungushe wewe, basi."

Foleni nzima nyuma yao ilikuwa imetega masikio. Mzee mmoja wa fimbo akasema, "Binti, jibu, wengine tuna miadi."

"Namtaka," Nereida akasema. "Mjinga huyu, namtaka."

"Kibali cha ndoa kinangojewa siku tatu," Bi Halina akawaambia, anaandika.

"Tatu tu?" Nereida akacheka hadi machozi yakamtoka. "Sisi? Siku tatu?"

"Kwa leo mwenzi, basi. Cheti mtaniletea. La mwisho: anwani ya barua?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Jengo lao lilikuwa linawatoka, kwa dada sanduku halina kufuli, binamu yake Efraín alihama kila msimu. Nereida alilijua jibu, na hakulipenda. Kulikuwa na sanduku moja tu ambalo halijawahi kuhama, lenye picha ya jogoo.

"Iache ileile," akasema.

"Nere, huna haja..."

"Iache ileile, nimesema. Ila kuanzia leo barua nitafuata mimi. Wewe pale hukanyagi."

Walifunga ndoa ukumbi wa mji, Nereida kavaa gauni la njano la Zoraida. Migdalia alikuja na pasteles, ndizi mbichi zilizosagwa na kuchemshwa ndani ya majani, zingine bado zinatoa moshi. Bi Provi alilia kwa sauti kuu, akimwambia kila aliyepita kwamba mkwe wake ameoa tena, na kwamba huyu wa sasa ni mzuri zaidi ya wa kwanza.

"Mama, wa kwanza ni mimi," Migdalia akasema.

"Najua, mwanangu."

Wiki chache baadaye, Nereida alikuwa jikoni anapanga sufuria kwenye maboksi, ameacha moja tu motoni. Efraín yuko mezani, anangoja ukoko wake. Simu ikatetema kwenye mfuko wa aproni.

"Hati ya Nane imefika! Njoo upesi, nimeificha mama asiione."

Nereida akaisoma mara mbili. Akazima moto, akauweka ukoko wote kwenye sahani ya Efraín, akavaa viatu vya kukimbilia.

"Nani kapiga?" Efraín akauliza, mdomo umejaa.

"Hakuna aliyepiga," akasema, ameshafika mlangoni. "Nakwenda kutengeneza boila."