Upande wa Pili wa Maduhu

Sikio la kushoto la Maduhu lilionekana Jumanne. Jumatatu, kwenye kanda hiyohiyo ya video, halikuwepo.

Scolastika alirudisha kanda nyuma, akatazama tena. Ilikuwa harusi ya wifi yake, Kahama, mwaka 1996. Hozefa, mwenye studio, alikuwa amewaandama wenye zawadi kubwa na kamera yake, kwa hiyo Maduhu, mumewe, mchimbaji aliyeleta beseni na vikombe, aliambulia sekunde chache za kucheza, tena amegeuza mgongo. Miezi miwili baadaye duara, shimo la dhahabu, lilimfukia huko Geita na mwili haukupatikana. Picha nyingine hakuacha. Binti yao Nelly alizaliwa baada ya msiba, na sasa alikuwa ameanza kuuliza baba alifananaje.

Ndiyo maana wiki iliyopita Scolastika alipeleka kanda studio.

"Baba Gulnaz, mgeuze," alimwambia Hozefa, "tumwone uso."

Hozefa alicheka. "Mama Nelly, kanda inajua kile kamera ilichoona tu. Labda wajukuu zetu watakuwa na sinema za kumzunguka mtu kama ng'ombe mnadani. Mimi nina kamera moja, tena mtumba."

"Basi yeyote anayeweza, amgeuze."

Kicheko kikakatika. "Usiseme yeyote," alinong'ona. "Taja unayemwomba."

Jumatano likaonekana shavu. Alhamisi, ncha ya pua. Maduhu hakuwa amegeuka, alicheza palepale. Kilichosogea ni jicho lililomtazama. Chini ya muziki zilisikika kandambili za mtu anayetembea polepole.

Hozefa aliitwa. Alipotazama, akaionyesha runinga kwa kidole.

"Huyo anayemtazama Maduhu yuko penye ukuta wa ukumbi, Mama Nelly. Mtu hasimami ndani ya ukuta. Ichome."

"Imebaki kidogo tu."

"Huyo hazunguki bure."

"Wewe ulinicheka. Yeye ananisaidia."

Ijumaa mchana alimpakata Nelly mbele ya runinga, akawasha deki, na zile kandambili zikaanza tena, zikipita nyuma ya vigelegele, zikipita ndani ya ukuta usiopitika, zikileta harufu ya udongo wa shimoni mpaka ikakaa mdomoni kama kitu cha kutafunwa, na picha ikasogea, pua, jicho la pili, pengo la jino la mbele, hadi Maduhu mzima akawatazama, akicheka kama alivyocheka akiwa hai, na Scolastika akalia kwa furaha wala hakutambua kwamba kandambili hazikusikika tena kwenye runinga, kwamba sasa zilikuwa juu ya sakafu yake mwenyewe, taratibu, zikiwazunguka.

"Huyo ndiye baba yako. Umemwona?"

"Nimemwona. Mama, na huyu ni nani?"

Picha ikazimika. Scolastika akamgeuza mtoto haraka amtazame usoni. Akaona kisogo. Akamgeuza tena, kisogo, na mistari ya nywele alizomsuka mwenyewe. Akazunguka yeye, akapiga magoti upande huu, akapiga magoti upande ule. Kisogo.

Paskazia wa nyumba ya pili aliingia mbio aliposikia mayowe.

"Mayu, mama yangu! Mbona unamzungusha mtoto kama pia?"

"Uso wake uko wapi? Paskazia, uso wa mwanangu uko wapi?"

Paskazia alimtazama mtoto, kisha mama, akarudi nyuma hatua moja.

"Si huo hapo? Anakutazama wewe."

Kile kisogo kikatetemeka. Mikono miwili midogo ikamshika Scolastika mashavu, ikamvuta karibu.

"Mama, niangalie."