Bi Zuleikha Mgongoni

Kisiki cha mkoko kiliingia tumboni mwa boti kwa mlio wa nazi ikipasuliwa. Faiz aliinama kuiokoa mashine, na simu iliyokuwa mfukoni mwa kanzu ikamtangulia majini. Haikurudi.

Alisimama maji yakiwa magotini, akaangaza. Mbele mikoko, nyuma mikoko. Maji yalikuwa yakipwa mbio, maji ya bamvua, yale yanayopwa mpaka ukadhani bahari imehama. Kijito walichoingilia kilikuwa kishageuka tope tupu, na kaa wakikimbia huku na huku kama wachuuzi waliosikia askari wa kanjo wanakuja.

Na si kwamba hawakuwa na njia nyingine. Bi Zuleikha, mamake mkewe, alikuwa amelala Tsunza, ng'ambo ya hori, kwa hitima ya nduguye. Barabara ya Dongo Kundu ipo, lami nyeusi ti, gari ingemfikisha Mtongwe kabla chai haijapoa. Lakini Faiz alitaka kumfuata kwa boti ya chama chao cha wapanda mikoko na kumrudisha kwa njia ya mkato, kwa sababu Faiz alikuwa na ramani. Chama kilipelekwa mafunzo kwenye hoteli moja pale Shelly Beach. Asubuhi alisinzia, na wakati mwalimu akieleza ule mshale wa pembeni mwa ramani, yeye alikuwa wa mbele kwenye foleni ya biriani. Cheti alipewa kama wenzake. Akakitundika sebuleni, na Bi Zuleikha akakitangaza kila harusi aliyoalikwa: mkwe wangu asoma ramani, alhamdulillahi.

Sasa, njiani kurudi, mkwe huyo alikuwa kampa mgongo, maana ndiyo adabu. Mama mkwe hakodolewi macho, wala naye hakuongeleshi ovyo. Nyumbani husemeshana kupitia kwa Intisar, binti yake Bi Zuleikha. Hapa Intisar hakuwepo, kwa hiyo Bi Zuleikha alikisemesha kikapu chake.

"Ewe kikapu," alisema taratibu, "hivi wenye chombo wajua tulipo?"

Faiz akakijibu kikapu kwamba ramani iko, wasiwasi wa nini.

Boti ikaanza kujaa, ikabidi Bi Zuleikha ashuke. Hakupiga hatua nyingi. Chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko ni wembe, na wembe huo ukampitia chini ya vidole vya mguu wa kulia. Damu ikachanganyika na tope.

Hapo ndipo Faiz alipoogopa kikweli. Bi Zuleikha ana sukari. Mzee Anwar, mumewe, naye alikuwa nayo. Kidonda kidogo tu kilimtoa mguu, halafu kikamtoa roho. Na leo mama huyu alikuwa kanywa chai kavu tu tangu alfajiri, na maji waliyokuwa nayo ni nusu chupa.

Faiz alichana upindo wa kanzu. Kuushika mguu wa mama mkwe wake hakuwahi kuwazia, hata ndotoni. Aliufunga kaangalia pembeni, na fundo la kwanza likafunguka kwa vile hakulitazama.

Kisha akaishika ramani kifuani, akasema twende huku. Wakaenda huku. Walikwama, wakachomoka, usubi ukawala shingo, Bi Zuleikha akishikilia matawi na kuchechemea bila kuguna. Jua lilikuwa limeshainama walipotokea mahali penye uwazi kidogo. Mbele yao ilikuwa boti ile ile, na kisiki kile kile.

Na maji yalikuwa yanarudi. Yalikuja kimyakimya katikati ya mizizi, yakawafika vifundoni. Bi Zuleikha alikaa kwenye ukingo wa boti. Jasho jembamba lilimtoka usoni na mikono ilimtetemeka; sukari ilikuwa imemshuka kwa njaa. Kikapu alikitazama, akakiacha.

"Faiz."

Hakuwahi kumwita jina tangu siku ya nikaha.

"Naam, mama."

"Nambie kweli. Hiyo karatasi waijua kuisoma?"

Maji yalipanda kidogo. Faiz aliona afadhali yapande yote, yamfunike.

"Siijui, mama."

Bi Zuleikha hakumlaani. Alisema kama ni kufa, basi wafe wameswali. Akatazama jua. Alasiri liwe bega la kushoto, akasema, na kibla ndicho hicho mbele. Akanyoosha mkono. Wakaswali wima, maji yakiwagusa miundi, ramani imelazwa juu ya ubao wa boti.

Faiz alipotoa salamu, macho yakamwangukia yule mshale wa pembeni. Juu yake pana herufi K. Kaskazini. Na Mombasa nzima huswali ikielekea kaskazini. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua.

Alikuwa ameuchukulia mshale ule kama pambo. Siku nzima aliamini kichwa cha ramani ni pale pua yake ilipoelekea. Aliizungusha polepole mpaka mshale ukatazama kibla. Ramani ikawa kitu kingine.

"Hii buluu ni maji?" Bi Zuleikha akauliza.

"Maji. Kijani ni mikoko. Hii njano," akasoma maelezo ya chini kwa mara ya kwanza, "ni nchi kavu. Vitone ni njia ya miguu."

"Na sisi tu wapi?"

Akatazama mbele yake: kijito kimegawanyika mara mbili, kati pana kisiwa cha tope. Akatafuta kwenye karatasi, akakiona. Ndege ikapita ikishuka Airport, na ikapotelea upande ule ule ramani ilipouweka uwanja. Nchi kavu ilikuwa mashariki, upana wa kidole gumba. Akapima kwenye kipimo cha pembeni. Nusu kilomita. Mchana kutwa walikuwa wakiipa mgongo.

Maji yalikuwa mapajani.

"Panda mgongoni, mama."

"Astaghfirullahi."

"Panda."

Bi Zuleikha si mwembamba. Ni mwanamke aliyelisha watu vizuri na naye hakujisahau. Faiz alizama mpaka kiunoni kwa hatua ya kwanza. Buibui lilimfunika kichwa, mguu wenye kidonda ukaning'inia ubavuni mwake. Wote wawili hawakuwa na pa kuweka aibu. Bi Zuleikha aliikamata ramani mbele ya uso wake, na kila Faiz alipokunja kona, yeye alilitazama jua.

"Mshale umekihama kibla. Rudi kulia."

Akarudi kulia. Alianguka, akamwinua, akaendelea. Mizizi ilimchana miguu naye asijue. Halafu tope likawa mchanga, mchanga ukawa majani, na majani yakawa shamba la mihogo.

Mwenye shamba, mama mmoja kwa jina Dhahabu, aliacha jembe akakimbilia chai ya sukari. Alimnywesha Bi Zuleikha kwa kijiko mpaka mikono ikatulia, akampigia simu mtu wa bodaboda, ndipo akauliza yaliyowafika.

"Mashine ilituharibikia," Bi Zuleikha akawahi.

Faiz alikuwa amefunguliwa mlango. Kupita tu.

"Mashine ilikuwa nzima," Faiz akasema. "Mimi ndiye sikujua kusoma ramani, na nilijidai najua."

Dhahabu akajishughulisha na kikombe. Bi Zuleikha alivuta mtandio usoni.

"Na mimi niliona," akasema. "Asubuhi jua lilikuwa machoni mwangu, na nyumbani ni huko. Ulipokata kona likahamia shavuni. Nikaona haya kumwambia mkwe wangu kwamba apotea. Basi mguu huu tumeukata sote wawili."

Mguu ulikuja kupona, isipokuwa kidole kimoja ambacho daktari alikitoa. Lakini jioni ile hilo hawakulijua. Bodaboda ilikuwa moja. Bi Zuleikha alikaa kati, kiupande, na Faiz nyuma, kanzu imechanika mpaka magotini, ameubeba ule mguu mkononi usining'inie. Wakapita hivyo Mtongwe nzima, mbele ya maduka, mbele ya mabaraza, mbele ya wanawake wa harusi zote zile. Watu walisimama. Faiz aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka moto, na hakuuachia. Wala Bi Zuleikha hakuuvuta.