Simu Iliyofungiwa Sandukuni

Haya yalimpata rafiki yangu Nyamai, anayebeba mbuzi kwa pikapu kutoka Tseikuru hadi Kitui. Ni mjuaji sana, na humcheka kila mtu.

Kampuni yake ya bima ilimwekea programu ya simu inayopima anavyoendesha gari. Alisema ni takataka ya watu wa ofisini ambao hawajawahi kuvuka mto mkavu wa mchanga. Kila wiki ilimkata alama kwa kosa lile lile, kwamba alishika simu akivuka mto, na bima yake ikapanda.

"Hiyo kitu ni ya wajinga," aliniambia. "Simu hukaa mfukoni. Nitawaonyesha."

Siku hiyo aliacha ufunguo wa kufuli nyumbani kwa makusudi. Alipomaliza kupakia mbuzi Tseikuru, aliifungia simu ndani ya sanduku la chuma la shule la binti yake, akabana kufuli, akaliweka kwenye kiti cha kando yake.

Alifika mtoni giza likiingia. Mbuzi waliokuwa wakilia njia nzima wakanyamaza wote pamoja. Alisikia matairi yakisaga mchanga, na kando yake pumzi fupi fupi. Akasonya, akakanyaga mafuta.

Nyumbani, mkewe Katunge alifungua kufuli. Programu iliandika: simu imeshikwa mtoni, dakika nne.

"Si nilisema ni takataka," Nyamai akacheka, akaigeuza simu kwenye mwanga wa taa amwonyeshe.

Kioo cha simu kilikuwa bado na joto. Katikati, kwenye jasho, palikuwa na alama ya sikio, na mchanga mbichi umeshika ukingoni mwake.