Pingamizi la Jumapili ya Tatu

"Usiniite shemeji," Hulda alisema bila kuacha kupalilia. "Ushemeji uliumaliza mwenyewe juzi, mbele ya kanisa zima."

Kefa alisimama kwenye tuta la viazi, kofia mkononi. Jumapili iliyopita mchungaji wa usharika wa Yakobi alitangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho ndoa ya Hulda na Danieli. Alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, Kefa, binamu yake Danieli, akasimama. Akasema Hulda ana mchumba mwingine, Mkatoliki wa kule misheni, na wanaonana kwa siri. Ndoa ikasimamishwa. Tangu siku hiyo mama yake Hulda alikuwa hatoki nje hata kuchota maji.

"Nimeshindwa kulala, dada," Kefa alisema. "Nilitumwa."

"Na nani?"

"Danieli."

Jembe likasimama.

Kefa akamweleza yote. Mwaka huo wa 1956 serikali ya Mwingereza ilikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi, wenyewe wakiuita wa vijana viongozi. Danieli, aliyekuwa akisomea ualimu, alichaguliwa kwenda Uingereza miezi tisa kujifunza uongozi. Kijana wa Kiingereza naye angekuja Njombe kujifunza uongozi, na hakuna aliyethubutu kuuliza angekuja kumwongoza nani. Fomu ilitaka kijana asiyeoa. Lakini kwa Walutheri wa Yakobi, aliyetangazwa Jumapili tatu alihesabiwa ameshaoa. Kilichobaki ni nguo nyeupe na ng'ombe wa kuchinja. Danieli akaona jina lake litafutwa. Kuahirisha ndoa mwenyewe aliona aibu, basi aibu hiyo akamtwika Hulda.

"Anaondoka lini?"

"Leo. Basi la Iringa linatoka Makambako saa nane."

Hulda alinawa miguu, akadandia lori la mbao.

Makambako alimkuta Danieli ndani ya suti mpya, pembeni ya Mzungu mrefu mwenye mafaili, msimamizi wa safari.

"Kamwene, Danieli," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

Danieli akageuka. "Kamwene. Umefuata nini huku?"

Mzungu akauliza, kwa Kiswahili chake cha ofisini, huyu binti ni nani.

"Dada yangu, bwana."

"Mimi ni mchumba wake," Hulda alisema. "Tumetangazwa kanisani. Mara ya tatu akamtuma mtu anizulie uongo, ili fomu yako isimkatae."

Mzungu akafungua faili, akasoma taratibu. Kisha akasema fomu inauliza habari za mke, basi. Vijana wawili wa msafara huo huo wameacha wachumba nyumbani, na kanisa limetangaza mara ngapi si shauri la serikali. Akamgeukia Danieli, akataka kujua kwa nini hakuuliza.

Miaka ile ndivyo watu walivyofundishwa: karatasi ya Mzungu iliogopwa kwanza, kusomwa baadaye.

"Ungeniambia nikusubiri," Hulda alisema. "Miezi tisa, Danieli. Ningesubiri hata miaka."

"Niliogopa utakataa."

"Ukaona heri niitwe malaya."

"Nikirudi nitayanyoosha yote. Nakuapia."

"Yanyooshe sasa. Rudi Yakobi, Jumapili usimame useme ulichofanya."

Mzungu akakohoa. Meli inang'oa nanga Dar es Salaam Ijumaa, alisema, na kama Danieli hataki, yupo kijana mwingine anayeingoja nafasi hiyo. Danieli akaangalia chini. Halafu akaliangalia basi.

Hulda aliona macho yalikokwenda. Hakulia. Akamwomba Mzungu karatasi na kalamu.

"Basi andika. Mwandikie mchungaji. Na jina lako lote, pamoja na la baba yako."

Danieli akaandika ameinama juu ya sanduku lake, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Alipomkabidhi barua, alimshika mkono.

"Na sisi je, Hulda?"

"Sisi nani?"

Akautoa mkono wake, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Jumapili mchungaji aliombea kwanza safari ya Danieli, fahari ya usharika. Ndipo akaisoma barua:

"Hulda hana kosa. Pingamizi la Kefa lilikuwa la uongo."

Akaikunja hapo, akashika kitabu cha nyimbo.

Upande wa wanawake, Hulda akasimama. Mchungaji akamwashiria akae. Hakukaa. Mama yake naye akasimama, akajifunga khanga kiunoni, kisha benchi lao lote likainuka, kimya, watoto migongoni. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Mchungaji akakohoa, akaikunjua tena ile barua.

"Aliyemtuma," akasoma, "ni mimi, Danieli mwana wa Filemoni."

Wanawake wakakaa.