Kiraka Nyuma ya Beringi

“Nani amechomelea hapa?”

Cheche alikuwa amelala chali chini ya mashine yake, tochi ya simu mkononi, na swali lilitoka huko chini kama sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani.

“Nauliza, nani amegusa mashine yangu?”

Karakana nzima ya kituo cha ubunifu ilisikia. Seremala akazima msumeno. Dada wa majiko akaacha kukanda udongo. Tabasamu, mtengenezaji wa taa za jua ambaye meza yake ilipakana na ya Cheche, aliinama akachungulia.

“Mgonjwa ana nini, daktari?”

“Ana kidonda ambacho sikukishona mimi.”

Kilikuwa kiraka cha chuma, upana wa kiganja, nyuma ya beringi inayobeba ekseli ya visu. Kimechomelewa, kisha kikapakwa rangi ileile ya kijani ya mashine. Rangi ilikuwa imedanganya macho ya kila mtu kwa wiki nzima, lakini haikudanganya kidole. Fundi wa kuchomelea anaujua mshono wake kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Huu ulikuwa na vinundu, umepinda, unarukaruka kama mwandiko wa mtoto wa chekechea.

Mashine ilikuwa ya kusaga chupa za plastiki. Vijana wa vikundi vya usafi walikuwa wakizitoa chupa hizo mitaroni kwa magunia, na chenga zake zingeyeyushwa kutengeneza vigae vya kutandaza barabarani. Wiki iliyopita ilipimwa, ikapita. Mama Mlezi, mkuu wa kituo, akaamua zitengenezwe nyingine kumi kama hiyo, kila kikundi kipate yake, kwa kufuata mchoro wa Cheche. Na mchoro wa Cheche haukuwa na kiraka.

Alitoka uvunguni, akajifuta mikono, akamkazia macho Tabasamu.

“Juzi ulisema utanifanyia jambo nikuone wa maana.”

“Nilimaanisha soda.”

“Sitanii.”

“Na mimi sitanii. Hebu niuone huo mshono.” Tabasamu akaupapasa, akakunja uso. “Dada yangu, unanitukana. Mimi nikitaka kukuharibia, nakuharibia kwa usafi. Huyu hajawahi kushika mashine ya kuchomelea maisha yake yote.”

“Kila mtu hapa amewahi.”

“Kila mtu?”

Cheche akaupapasa mshono tena. Mashine ililala kwenye chumba cha vipimo siku zile za jaribio. Ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao mtu mmoja, na mtu huyo mikono yake ilikuwa laini kama ya karani.

Alichukua simu, akaandika:

“Kuna kiraka nyuma ya beringi.”

Ujumbe ukasomwa papo hapo. Rula alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Safari hii alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Mwisho likaja neno moja:

“Njoo.”

Jina la Rula lilikuwa la kazi. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kituo: hakuna kilichotoka mikononi mwa wabunifu kwenda mikononi mwa watu kabla hajakipima. Wakati anamwambia Cheche kwamba anampenda, alisema, “Nimejichunguza kwa miezi mingi, na sioni dalili kwamba itapungua.” Cheche alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali. Maneno matamu alishaambiwa na wengi. Ya kweli aliyapata kwa huyu.

Sasa alisukuma mlango wa chumba cha vipimo bila kubisha.

“Ni wewe.”

“Ni mimi,” Rula alisema. Alikuwa amesimama.

“Lini?”

“Kabla ya jaribio. Niliiwasha kwanza nikiwa peke yangu, kama ninavyofanya kwa zote. Kishikio cha beringi kikaanza kupasuka.”

“Ukafanya nini?”

“Umeona nilichofanya.”

“Nimekiona, na ni aibu tupu. Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia, ingekuwa imeshindwa. Kitu kikipasuka kwa mkaguzi kinarudi mwisho wa foleni. Na wewe ulisema ikishindwa, unaondoka.”

Ni kweli alisema. Kiwanda kimoja cha mabomba, mji wa mbali, kilikuwa kikimhitaji, mshahara mzuri na nyumba juu yake. Aliwaomba wamsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Akamwambia Rula, huku akitafuna mhindi: ikipita nabaki, ikishindwa nakwenda. Alilisema kama mtu anayepanga ratiba ya kufua.

“Kwa hiyo ulitaka kunisaidia.”

“Hapana. Nimelifikiria hilo vizuri. Nilijisaidia mimi. Wewe ulikuwa na haki ya kuamua ukiwa na matokeo ya kweli. Mimi nikakupa ya uongo ili ubaki.”

Cheche alitamani Rula ajitetee. Mwongo wa kawaida angempa angalau kitu cha kupiga.

“Na hizo kumi? Mchoro wangu hauna kiraka.”

“Nilipanga kukiongeza kwenye mchoro kabla haujatoka.”

“Bila kuniuliza.”

“Bila kukuuliza.”

“Umekiongeza?”

“Mama Mlezi aliutuma mapema kuliko nilivyotarajia. Mafundi wameanza kukata vyuma leo asubuhi. Nilikuwa hapa natafuta namna ya kulisema.”

“Umeipata?”

“Bado.”

“Kijana anaingiza chupa, kishikio kinapasuka, visu vinaruka. Unajua wakati huo mkono wake uko wapi?”

“Najua,” Rula alisema taratibu. “Nilipima.”

Cheche akarudi mlangoni.

“Basi namna nimekupatia mimi,” Cheche alisema. “Twende kwa Mama Mlezi. Utasema wewe au nitasema mimi, lakini chai ya leo haitanywewa kabla haijasemwa.”

“Nitasema mimi.”

Mama Mlezi alikuwa na sauti ndogo ambayo haijawahi kurudia neno. Alimsikiliza Rula mpaka mwisho. Kisha akachukua simu, akawapigia mafundi: “Acheni kukata. Ndiyo, zote. Nitawaeleza.” Akaita watu wote uwanjani, akamfanya Rula aseme upya mbele yao. Rula alisema vilevile, bila kupunguza wala kupamba.

“Muhuri,” Mama Mlezi akasema, akanyoosha kiganja.

Rula akautoa mfukoni, akaukabidhi.

“Na wewe, mwanangu, ulijua?”

“Nimejua leo, mama.”

“Kishikio chako kilipasuka.”

“Kilipasuka. Nilitumia chuma chembamba. Kosa hilo ni langu, yeye halimhusu. Lake ni kulificha.”

“Unataka nini? Nikuhurumie, au urudi kwenye foleni?”

“Foleni.”

Mama Mlezi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

Watu walipotawanyika, Dada wa majiko alimpita Cheche akasonya, si kwa hasira. “Mimi jiko langu alilikataa nikalia hadi kamasi. Kumbe kukataliwa ndiyo heshima. Pole wewe uliyependwa.”

Nyumbani, Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake, pini mdomoni. Ndiye aliyemlea Cheche, na ndiye aliyekuwa akijiandaa kuwapokea wazazi wa Rula Jumapili, waje kuposa.

“Wasije, shangazi.”

Pini zikatoka mdomoni moja moja. “Amekupiga?”

“Hapana.”

“Ana mwingine?”

“Angalau hilo ningejua pa kuliweka.” Cheche akamweleza yote, kiraka, rangi ya kijani, mafundi na vyuma vyao.

Shangazi alisikiliza huku akipinda upindo wa sketi ya mteja.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema.

“Ndiyo hivyo.”

“Sijamaliza. Na kinachokufunika pia ni nguo. Sasa mimi nakuuliza: ile kazi ya mabomba unaitaka?”

“Kama mashine ingekuwa imeshindwa…”

“Sikukuuliza habari za mashine. Unaitaka?”

Cheche akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni.

“Mwanamume kakosea, tena vibaya, na mkono wa mtoto wa watu ungepotea. Hilo simtetei. Lakini wewe ulimwambia mpenzi wako kwamba mpinzani wake ni mashine. Akaihonga.”

“Shangazi.”

“Usinitazame hivyo, mimi sijacheka. Nasema ulikiachia chuma kikuamulie maisha, halafu unashangaa mtu kaenda kuzungumza na chuma. Nipe mkasi.”

Kwa wiki zilizofuata Cheche hakujibu ujumbe wa Rula hata mmoja, ingawa aliusoma kila mmoja. Rula hakubembeleza. Hakutuma ua wala wimbo. Baada ya kuvuliwa ukaguzi hakuondoka kituoni. Alijiunga na vijana wa usafi kuchambua chupa na kuwafundisha kusoma vipimo. Aliandika mambo kama haya:

“Chuma kinene kimefika stoo. Wengine wote wameambiwa, kwa hiyo nakuambia na wewe.”

Au:

“Mkaguzi mpya anajaza chupa mpaka mdomoni mwa mashine. Ametangaza hilo mwenyewe ubaoni. Sitaki udhani nakuvujishia.”

Kwa huo wa pili Cheche alicheka, akajikuta amemwonyesha Tabasamu.

“Mjibu basi.”

“Nimjibu nini?”

“Mwambie asante kwa kutokuvujishia. Ninyi wawili mnanichosha. Watu wanaachana kwa sababu za maana, kwa mfano mimi niliachwa kwa sababu ya kukoroma.”

Kishikio kipya alikitengeneza kwa chuma kinene. Akakichomelea, akakigonga kwa nyundo, hakuridhika, akakikata na kuanza upya. Kiraka cha Rula alikikata kwa grenda siku ya kwanza, akakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu bila kukitazama mara mbili. Mchoro nao akauchora upya kuanzia mstari wa kwanza.

Asubuhi ya jaribio la pili alimkuta Rula uwanjani, amechutama kati ya magunia, akitenga chupa nene na nyembamba. Glavu zilimpwaya.

“Huingii?”

“Siruhusiwi,” Rula alisema akinyanyuka. “Na hata ningeruhusiwa, nisingeingia.”

“Nimewapigia kiwandani.”

Rula akaiweka chini chupa aliyokuwa ameshika, polepole, kana kwamba ingevunjika. “Umewaambia nini?”

“Nimekataa kazi yao.”

“Lakini mashine haijapimwa.”

“Ndiyo maana nimewapigia kabla.”

Rula alifikiri. Cheche alimwachia muda. Alikuwa anamfahamu, hesabu zake hazikatizwi.

“Ikishindwa?”

“Natengeneza nyingine. Nabaki kwa sababu kazi yangu iko hapa na naipenda. Hakuna chochote kitakachotokea mle ndani leo ambacho kinaweza kukusaidia au kukuumiza. Nimekuondolea huo mzigo. Nimejiondolea na mimi.”

“Na mimi, kwako?”

“Subiri kidogo, kuna swali kwanza. Kuna kitu kingine changu umewahi kukirekebisha bila kuniambia?”

Mtu mwingine angejibu hapana hapohapo. Rula alitazama juu, akaanza kukumbuka kwa bidii.

“Breki ya nyuma ya baiskeli yako.”

“Hiyo nilijua.”

“Saa ya ukutani, kwenu sebuleni. Ilikuwa inachelewa.”

“Kumbe. Mimi nilidhani nimejirekebisha tabia.”

“Samahani.”

“Kingine?”

“Basi. Hivyo viwili, na kile kimoja.”

Cheche alimtazama uso wote, paji mpaka kidevu, kama anavyotazama chuma kabla ya kuwasha moto. Hakuona rangi iliyopakwa juu ya kitu.

“Nisikilize vizuri, sitarudia. Ukiona kitu changu kinapasuka, unaniambia mimi. Siku hiyohiyo. Hata kama kinakupasukia wewe. Hata ikiwa asubuhi ya harusi.”

“Nimesikia.” Akavua glavu moja. “Harusi ya nani?”

“Wapigie kwenu waje. Shangazi amechoka kuwaambia majirani kwamba wageni wake wana mafua.”

“Umenisamehe?”

“Nusu. Nusu nyingine utaifanyia kazi, na nitakukagua.”

Mlango wa karakana ukafunguliwa. Mkaguzi mpya, mama mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, aliita: “Mwenye mashine ya chupa, tafadhali.”

“Nakuja.”

Cheche alifunga vifungo vya ovaroli, akabeba gunia la chupa nene begani, akaingia bila haraka. Nyuma yake Rula alikuwa ameshavua glavu na kuweka simu sikioni. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea vipimo, ila alikuwa akiyazunguka magunia bila kujua.

“Mama, shikamoo. Amesema mje… Hapana, majibu ya mashine bado… Hapana, mama, hata hawajaiwasha. Amesema tu mje.”