Kitovu Kimoja, Mikoa Miwili

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Kulka. Kitovu cha mwanangu kiko wapi?"

Kulka aliinua godoro akajifanya anachungulia chini yake. Mvua ya mji wa Lae ilikuwa inapiga bati kana kwamba mtu anamwaga kokoto. Mfukoni mwa shati lake, ndani ya kiberiti kilichokwisha njiti, kitovu chenyewe kilikuwa kimetulia upande wa moyo.

"Labda panya," alisema.

"Panya gani anafungua kopo, anachukua, halafu anafunga tena?"

Elti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani. Kitovu kilipodondoka alikikausha, akakiweka kwenye kopo la poda. Jana jioni alifungua kopo akakuta poda tupu. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Kulka. Elti anayelia Kulka alikuwa amemzoea. Huyu wa macho makavu hakumjua.

"Mjomba amepanda ndege ya kwanza," Elti alisema. "Sasa hivi yuko njiani kutoka uwanja wa ndege. Alasiri anarudi kwetu Kokopo. Kitovu kikionekana, nabaki. Kisipoonekana, naondoka naye, mimi na mtoto. Wewe utabaki na lori lako."

"Elti, kwa ajili ya kitovu?"

"Kwa ajili ya neno lako."

Kulka alilishusha godoro. Kwao, Jiwaka, kule milimani, mtoto ni wa baba. Kitovu chake huzikwa katika ardhi ya baba na juu yake hupandwa mti, na mti huo ndio shahidi wake maisha yote. Kwao Elti, visiwani New Britain Mashariki, mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi hupitia kwa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Siku ya posa Kulka aliapa mbele ya huyo mjomba kwamba kitovu kitakwenda Kokopo. Aliapa akiwa anamtazama Elti, hakuwa akisikiliza anachokisema.

Simu ikatetemeka. Aligeukia ukuta akasoma. Ilikuwa ni kaka yake, Tumun.

"Shimo tumechimba. Mche tumeleta. Kesho usije mikono mitupu."

Aliizima.

"Nani?" Elti aliuliza.

"Watu wa kazini. Lori linapanda milimani kesho alfajiri."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mjomba ToMarum aliingia na mwavuli unaochuruzika, mzee mnene mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Jikoni, Mama Aina, mama yake Kulka aliyeshuka kutoka Jiwaka kuja kumwona mjukuu, aliweka kisu chini na kufuta mikono.

"Karibu, mkwe," alisema. "Keti, upate chai."

"Chai nitakunywa kwangu." Mjomba alibaki amesimama. "Nyinyi watu wa milimani mna mambo. Mligombania nguruwe, mkagombania mipaka, sasa mmefika kwenye vitovu!"

"Na nyinyi wa visiwani mnanuka samaki kutoka getini, halafu mnakuja kutunusa sisi."

"Mkoa wenyewe umemegwa juzi kutoka kwa wenzenu! Nina viatu nyumbani vina umri mkubwa kuliko Jiwaka."

"Mkoa ni mchanga, ardhi ni ya zamani. Sisi hatujawahi kuhama mji mzima kwa sababu mlima wa moto umepiga chafya."

"Mama!" Kulka aliingilia.

"Mwache aseme," Mjomba alisema, na sauti yake ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Katika nyumba hii kuna mgeni mmoja. Mgeni huyo ana mfuko. Na kwao wanavitaka sana vitovu."

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyekwenda kuipunguzia moto. Elti alimtazama mama mkwe wake.

"Mama, unisamehe. Naomba nione ndani ya mfuko wako."

Kulka alihisi kiberiti kinamchoma kifuani. Mfuko wa kufuma wa mwanamke wa milimani haufunguliwi na mwingine. Mume haufungui. Mtoto aliyebebwa ndani yake haufungui. Alijua bado ana nafasi ya kusema. Alifungua kinywa, akaona akilini shimo lililochimbwa na kaka zake, akakifunga.

Mama Aina alimtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaubinua mfuko sakafuni.

Viazi vitamu vilibiringika mpaka chini ya meza. Kofia ndogo ya sufu, bado ina uzi na sindano. Popoo mbili. Taulo. Kopo la chokaa ya kutafunia popoo.

Mjomba alilinyooshea kidole lile kopo. "Na hilo?"

"Fungua. Ukikuta kitovu humo, kitafune na popoo."

Mjomba alifungua. Chokaa. Alifunga taratibu, na sasa hata yeye alianza kutazama pembeni.

"Kimebaki kiuno," Mama Aina alisema, akashika fundo la nguo yake. "Mimi ni mtu mzima, nimezaa wanne. Nifungue? Mkwe, geuka basi, au unataka kuona?"

"Basi, mama! Basi!"

Kulka alitoa kiberiti akakiweka mezani. Kilitoa sauti ndogo sana.

Elti alikitazama, akamtazama mumewe.

"Ulikuwa unanisaidia kutafuta," alisema. "Umeinua mpaka godoro."

"Elti, nisikilize..."

"Umeinua mpaka godoro, Kulka!"

"Ndugu zangu wamesema mtoto asipokuwa na mti kule, hana ardhi. Siku nikifa watamgawia mvua. Nilipoapa, mtoto alikuwa maneno tu. Alipozaliwa akawa mtu. Nikaogopa atakosa pa kusimama."

"Ana pa kusimama. Kwetu."

"Kwenu ana pa kusimama kwa sababu yako. Mimi nitakuwa nimempa nini?"

Kulka aliona neno lake limemgusa Elti, kisha akaona uso wake unajifunga tena.

"Ungeniambia hivyo jana. Ningekukatalia, tungegombana, mwisho tungelala. Lakini umekaa kimya ukamwangalia mama yako anavuliwa mfuko. Huyo ndiye nitakayezeeka naye?"

"Funga mizigo, mwanangu," Mjomba alisema.

Elti alimlaza mtoto akavuta begi kutoka juu ya kabati. Nepi. Blanketi. Kulka alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahaulika kituoni.

"Elti," Mama Aina alisema. "Mimi si wa Jiwaka."

Mikono ya Elti ilisimama juu ya begi.

"Natoka Simbu, mkoa wa jirani. Nguruwe wa mahari walikwenda kwetu, mimi nikavuka mpaka. Nikamzaa Dorin, dada mkubwa wa huyu mwanamume wako. Baba mkwe alikuja kuchukua kitovu, akakizika kwa hotuba, akapanda mvinje. Leo mti ule mtu mmoja hawezi kuukumbatia akaumaliza. Watu wanauheshimu." Alikohoa. "Chini yake kuna ngozi ya nguruwe niliyoikausha juu ya moto. Kitovu cha Dorin kiko Simbu, kwa mama yangu. Nilitaka kitu changu kimoja kirudi nyumbani."

"Ngozi ya nguruwe!" Mjomba alisema, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka. "Wazee wakaisomea hotuba!"

"Ndefu. Mpaka mvua ikanyesha." Mama Aina alimgeukia Kulka. "Kesho nipakie kwenye lori lako. Njiani tutanunua nyama ya nguruwe yenye ngozi. Mvinje utapandwa, kaka zako watapiga makofi, mjukuu wangu atakuwa na mti."

"Wakijua, mama?"

"Nani atachimba kuangalia?"

Elti alichukua kiberiti mezani, akakitia kifuani mwake.

"Hiki kitakaa na mimi," alisema. "Ukirudi safari tunakwenda Kokopo wote watatu. Wewe ndiye utakayechimba, mbele ya Mjomba, kwa mikono yako. Mtu akikuuliza umempa mwanao nini, umwonyeshe hilo shimo."

"Nitachimba."

"Sijakusamehe bado."

"Najua."

"Sasa mwokotee mama viazi vyake."

Mjomba alivuta kiti, akaketi, akauliza kama ile chai bado ipo. Kulka alipiga magoti akaingia chini ya meza. Aliokota kiazi cha kwanza, cha pili, halafu mkono ukamkwama hewani.

"Mama."

"Ee."

"Kule nyumbani, ule mvinje wangu mimi. Chini yake kuna nini?"

Mama Aina aliichana popoo kwa meno, akaitafuna taratibu, akachovya chokaa.

"Okota viazi, mwanangu."

Na Elti, ambaye tangu jana hakulia wala kucheka, alicheka mpaka mtoto akaamka.